Gundi Katika Ladu za Ba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, niliogopa mti mmoja kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu. Ulikuwa mgunga mkubwa uliosimama peke yake nyuma ya ploti za Kitengela, kwenye njia ya miguu ya kuelekea Kisaju. Ilisemekana kwamba zamani mama mmoja alifia chini yake akipelekwa hospitali kwa mkokoteni, siku chache tu baada ya kujifungua, maziwa yakiwa bado yamejaa kifuani. Akina mama wa Kimaasai waliotuletea maziwa asubuhi walitupa konzi ya nyasi pale shinani kila walipopita. Nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikuwa na maneno yake juu ya mti huo, na aliyasema kwa sauti ya chini kana kwamba mti ungeweza kumsikia.

"Gundi inayotoka pale ni ya yule mama," alituambia. "Ukichukua chake, kuna mama mwingine atapoteza chake."

Sisi watoto tulikuwa walaji hodari wa gundi. Mgunga wowote ukitoa tone, tulilibandua na kulitafuna mpaka taya zikachoka. Lakini ule mmoja tuliupita mbio, na mwenzetu aliyejikwaa karibu nao tulimcheka tukiwa tumeshafika mbali.

Mama yangu alifanya kazi ya kupika na kufua kwa familia moja ya Wahindi waliokuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Baba alikuwa mtu wa vibarua, leo vipo kesho havipo, kwa hiyo sufuria yetu ilitegemea kazi ile ya Mama, na hata sisi watoto tulilijua hilo bila kuambiwa. Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee aliyeitwa Ba na kila mtu. Kwao ndivyo mtu amwitavyo mama yake, na Mama pia alimwita hivyo ingawa walipishana dini, lugha na meza ya kulia.

Likizo ya Agosti mwaka ule Mama alinichukua nimsaidie kuanika nguo. Baridi ilikuwa kali, ule upepo wa Kitengela usiojua sweta ni nini. Hetal, mke wa mwanawe Ba, alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki hiyo hiyo, na Ba alikuwa akitafuta vitu vya kumpikia ladu za gundi, vitamutamu vya duara vya samli. Alimweleza Mama kwamba kwao India hicho ni chakula cha Desemba, baridi inapouma, lakini hapa baridi huja Julai na Agosti, na mwili hausomi kalenda. Ladu hizo, alisema, humrudishia mzazi nguvu za mgongo na kufungua maziwa.

Hapo akaniona natafuna. Alinishika kidevu, akaniambia nifungue mdomo, akachungulia, kisha akacheka na kumwita Hetal aje aone. Kumbe walichokuwa wakinunua Nairobi kwa bei ya juu, mimi nilikuwa nacho mdomoni. Akanipa bakuli na kuniomba nimletee gundi ya kulijaza.

Niliona fahari kubwa. Tatizo ni kwamba migunga yote ya karibu tulikuwa tumeshaikwangua, mimi na wenzangu. Nilizunguka asubuhi nzima nikapata vipande vitano. Mgunga mkubwa ulikuwa umejaa, matone ya rangi ya asali kuanzia shinani hadi kwenye matawi, kwa sababu hakuna mtu aliyeugusa. Nilisimama mbali kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba mti hauna macho, kwamba Susu ni mzee tu na wazee husema mengi. Kisha nikaenda nikalijaza bakuli, na sikugeuka nyuma hadi nilipofika kwa Ba. Aliinusa gundi ile, akanipapasa kichwa na kuingia nayo ndani.

Siku mbili baadaye nyumba nzima ilinukia samli. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikamwona Ba akikaanga gundi, ikifura na kupasuka kama bisi. Akaiponda, akaichanganya na unga wa ngano uliokaangwa, sukari nguru, lozi, uwatu, iliki, kungumanga na tangawizi kavu iliyonichoma pua hata pale mlangoni. Akafinyanga mabonge ya duara na kuyapanga kwenye kopo kubwa la chuma. Mama alikuwa akimsaidia kuponda lozi, na wote wawili walikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nikiuwaza mgunga ule.

Jioni ile mtoto alilia. Kesho yake akalia tena, kutwa. Nilimsikia Ba akimwambia Mama kwamba maziwa ya Hetal bado hayajafunguka vizuri. Nilikuwa nimeshika kikapu cha nguo mbichi, nikakiweka chini. Maziwa! Susu alikuwa amesema, na mimi sikusikia.

Ningeweza kumwambia Mama pale pale. Watu wazima wakisimulia mambo ya utotoni hupenda kusema hawakujua la kufanya, lakini mimi nilijua, niliogopa tu. Badala yake nikabuni dawa yangu. Niliona kwamba kama Hetal hatakula ladu zile, basi laana haitampata, na kama mtu mwingine atazila, itamhamia yeye. Kwa hiyo nilianza kuziiba. Niliingia stoo Ba akiwa kwenye maombi yake, nikachukua mbili, nikaenda kuzila nyuma ya tangi la maji. Zilikuwa tamu, nami nilizila nikilia, tangawizi ikinichoma koo. Usiku nililala nimejishika kifua nikingoja kufa.

Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya nne nilisikia hatua za mtu nikiwa bado na moja mkononi, nikaisukuma mfukoni mwa sweta. Baadaye jua lilichomoza kidogo, nikaivua sweta na kuitia ndani ya kikapu cha Mama, kama kawaida. Nilisahau kabisa.

Alasiri Ba alitoka na kopo lake, akamuuliza Mama ladu zinaenda wapi. Mama alisema hajui. Ba akamuuliza tena, safari hii taratibu zaidi, na Mama akajibu vile vile. Kisha Ba akaelekeza kidole kwenye kikapu. Mama alikibeba mpaka barazani, akakipindua mbele yake. Vilianguka leso, kibakuli cha chakula chake cha mchana na sweta yangu. Mama alipoikung'uta sweta ile ili Ba aone kwamba haina kitu, ladu ikaanguka na kuvunjika sakafuni.

Mama aliangalia vile vipande, kisha akaniangalia mimi, na sijawahi kutazamwa vile tena. Akainama akavizoa kwa kiganja.

"Kesho usikuje," Ba alimwambia.

Asubuhi iliyofuata Mama aliamka gizani kama siku zote, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu. Kisha akakumbuka. Nilimwona akiketi kitandani na kukifungua kile kitambaa polepole, akakikunja, akakiweka magotini. Hapo ndipo nilipoweza kusema. Nilisema yote, mti, gundi, maziwa, ladu, huku Susu akisikiliza kutoka jikoni. Nilitarajia kichapo. Mama alininawisha uso tu na kunishika mkono.

"Utaongea wewe mwenyewe," akaniambia njiani. "Mimi nilishasema yangu."

Ba alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akapanda juu ghorofani na kurudi na sinia. Juu yake ilikuwa imetandazwa gundi, matone yale yale ya rangi ya asali, na kipande cha gamba la mgunga nilichosahau kukitoa. Hakuwa ameitumia. Gundi mbichi haifuri kwenye samli, alisema, inataka jua la wiki mbili, na hilo jua lenyewe liko wapi. Zile ladu alizipika kwa gundi ya dukani.

Nilidhani angecheka, au angetufukuza. Alimimina ile gundi yote ndani ya bakuli lile la kwanza na kunipa.

"Mimi hapana jua kama hii maneno ya mti ni kweli," akasema. "Lakini kwa mama amezaa juzi, mimi hapana cheza. Wewe rudisha." Kisha akamgeukia Mama. "Kesho kuja kazini."

Hakusema pole. Mama pia hakuidai.

Nilirudisha gundi pamoja na Susu mchana ule, tukaimimina shinani, naye akaongeza konzi ya nyasi kama akina mama wa Kimaasai. Nilimuuliza kama yule mama ametusamehe. Akasema tutaona. Mwisho wa wiki hiyo maziwa ya Hetal yalifunguka, mtoto akanenepa mpaka shingo ikapotea, na mimi nikaona kwamba mambo yamekwisha. Krismasi ilipofika Ba alituletea kopo zima la ladu, na pengine ndiyo ilikuwa pole yenyewe. Mama alitugawia sote. Yeye alisema ameshiba.

Ba alifariki miaka mingi iliyopita, na mgunga ule ulikatwa ploti zilipopimwa. Mimi sasa naishi Gataka, na Julai iliyopita nilijifungua binti. Mama alikuja na ladu za gundi alizopika mwenyewe, tangawizi imekolea kama ya Ba, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza mbili. Alikaa siku tatu. Siku ya kuondoka alifika mlangoni, akasimama, akatoa leso na sweta kikapuni, akakipindua kikapu na kukikung'uta mara mbili. Kisha akavirudisha vitu vyake.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila jioni niliyompitia Mama kazini baada ya Agosti ile, kwenye baraza ya Ba, bila mtu kumuuliza. Sikujua kwamba bado analifanya.

"Mama, hapa ni kwangu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ni mkono tu umezoea."

Nilisimama na mtoto begani mpaka alipopinda kona. Susu alisema kuna mama mwingine atapoteza chake, na mimi wiki ile yote nilikuwa nikimwangalia Hetal. Sikumwangalia mama yangu.