Cherehani Iliyotangulia Mshenga

Naona haya hata kuisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya Kariakoo wanaijua, heri mnisikie mimi kabla hamjaipata imeongezwa chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu ruksa kuagiza mali, nasi wachuuzi kumi wa mtaa mmoja tukachangia kontena kutoka Dubai, na mimi (mgane wa mwaka wa pili, mtu wa kimya, darasa la nne tu) wakanichagua niandike orodha ya mzigo, eti siwezi kusema uongo.

Wakala wetu wa forodha, Bwana Kirit, akanionya: "Orodha ifike kabla meli haijaingia. Kila kitu, cha nani, cha kazi gani. Ukificha hata kijiko, kontena lote linazuiwa."

Mimi nilikuwa nimeagiza cherehani. Ningeandika "zawadi" yakaisha, lakini kile kijiko kikanikaa rohoni, nikaandika: "Cherehani moja, ya Bi Mwanaidi, nikipata ujasiri wa kumposa. Mwenyewe hajui." (Bi Mwanaidi ni fundi wa nguo, kibanda chake na changu vinatenganishwa na gunia, na vitambaa vyake vilikuwa kwenye kontena lile lile!)

Kesho yake akili zikanirudia, nikakimbia kwa Bwana Kirit nikafute. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Baba Tatu, imeshapigwa chapa, nakala sita, zote zimegongwa muhuri! Tukibadilisha neno moja tunaanza upya, na meli inaingia keshokutwa."

Nikawafikiria wenzangu tisa, mali yao yote imo mle, nikasema basi, acha aibu iwe yangu.

Siku ya ukaguzi tukasimama bandarini sote kumi pamoja na Bwana Kirit, ofisa wa forodha anasoma kwa sauti na mwenye mali anaitika, masufuria, haya, matairi ya baiskeli, haya, nami jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu, mara ofisa akainua macho kwenye karatasi.

"Bi Mwanaidi ni nani?"

"Mimi, baba."

Akausoma mstari wote. Wachukuzi wakatupa mizigo chini kwa kicheko, mmoja akapiga vigelegele (mwanamume mzima na ndevu zake!).

Bi Mwanaidi akanigeukia, mikono kiunoni. "Baba Tatu! Forodha wanajua, wenye meli wanajua, mimi tu ndiye sijui? Tangu lini posa ikaletwa na kontena?"

"Nisamehe. Niliogopa kudanganya."

"Forodha umewaogopa, mimi hukuniogopa?" Akamtazama ofisa. "Mzigo una kasoro?"

"Hauna, mama. Sijawahi kusoma orodha ya kweli kama hii."

"Basi gonga muhuri tuondoke. Na wewe Bwana Kirit, Ijumaa ufike Buguruni kwa kaka yangu. Orodha uliipeleka, na posa utaipeleka."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu, mama Tatu, nikacheka mpaka machozi, na sikujua yapi ni ya nini.

Ila nimeapa: forodha nitawaambia yote kama kawaida, lakini neno la moyoni atalisikia kwanza mwenyewe, hata midomo ikitetemeka.