Damu ya Nyonga

Kaka yangu na mimi tulivunjika muundi siku moja, kwenye baiskeli moja, katika mteremko wa Kimaka, Jinja. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Miezi saba baadaye mifupa yetu ilikuwa bado haijaunga, na baba, sajenti wa jeshi, akatupeleka Mbale kwa shangazi anayeishi mtaa wa Malukhu. Katika hospitali moja kulikuwa na daktari mgeni aliyevuta damu ya uboho kwenye mfupa wa nyonga kwa sindano nene, kisha akaidunga palipovunjika.

“Damu hii ina mbegu za mfupa,” alituambia. “Mimi napanda tu. Kutulia ni kazi yenu.”

Alitufanyia sote siku ile ile. Tukafungwa plasta ya nusu, iliyokaa upande wa nyuma wa mguu tu, na bendeji juu yake, tukaonywa tusiifungue.

Nilikuwa na kitabu cha zamani cha huduma ya kwanza, kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni Jinja na kujisomea mwenyewe. Mchoro wake ulionyesha mguu ulionyooka kama rula. Wangu ulielekea nje kidogo, na sikuweza kuvumilia. Kila asubuhi, shangazi akiwa jikoni, nilifungua bendeji, nikaunyoosha, nikaufunga tena kwa unadhifu zaidi kuliko sista wa hospitali. Kaka alilala tu akitafuna miwa, plasta yake ikinata sukari.

Miezi miwili ikapita. Picha ya eksirei ya kaka ilionyesha wingu jeupe la mfupa mpya kwenye ufa. Yangu ilionyesha ule ule mstari mweusi. Baada ya muda kaka akaweka magongo pembeni, akaenda Busiu kwa mjomba, akarudi na mfuko wa mahindi begani.

“Wewe Profesa,” aliniita kutoka mlangoni, “mguu yako bado iko nasoma?”

“Mwache mwenzako,” shangazi akasema, huku naye akicheka.

Usiku huo niliomba mguu wake uvunjike tena. Niliomba nikiwa nimelala, kwa kuwa sikuweza kupiga magoti.

Tuliporudi kliniki, daktari aliinua picha yangu dirishani. “Afande,” alimwambia baba, “damu ya mkubwa imekubali. Ya huyu imekataa. Nadhani damu yake haifai. Sitamtoboa tena bure.”

Ningenyamaza, ningebaki na magongo maisha yangu yote. Ningesema, kaka angesikia. Nilikaa nikipima hayo mawili, na naona aibu kuandika kwamba kwa muda magongo yalionekana mepesi zaidi.

“Damu yangu haina kosa, Daktari,” nilisema mwishowe. “Nilikuwa nafungua bendeji.”

“Mara ngapi?”

“Kila asubuhi. Nilikuwa naunyoosha.”

Kaka akapasuka kicheko. “Alikuwa nasahihisha mguu!” Baba hakucheka.

Daktari alirudia sindano wiki hiyo, na safari hii akanifunga plasta nzima hadi pajani, isiyofunguka bila msumeno. Kaka ndiye aliyeitwa kunishika mabega sindano ilipoingia nyongani. Alinishika vizuri, na nilimchukia kwa hilo pia.

Wingu langu lilipotokea kwenye picha, yeye ndiye aliyeliona kwanza. Akapiga kelele korido nzima, akamkumbatia sista asiyemjua. Mimi nilikuwa nakagua kama wingu limejaa pande zote. Nikamwonea wivu hata furaha ile.