Bwawa la Fundi Saa

Macho yalipoanza kumsaliti, Fundi Saa alifunga kibanda chake, akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Halikuwa kubwa: urefu wa kitanda, kina cha kiunoni, chini limetandikwa turubai jeusi lililokandamizwa kwa mawe. Akatia samaki tisa wekundu. Kila asubuhi aliwatazama kutoka kwenye kigoda, kimya, kama alivyokuwa akitazama magurudumu ya saa.

Mkewe, mkunga mstaafu, hakulichukia bwawa. Kimya ndicho kilichomchosha. "Nimeolewa na sanamu," alimwambia dada yake kwa simu.

Mwaka wa pili maji yakageuka kijani. Nyuzi zinazoteleza kama kamasi ziliota pembeni, na vijani vidogo vinavyoelea, ambavyo Fundi Saa aliletewa zawadi na shemeji yake ndani ya kikombe, vikafunika bwawa zima. Samaki hawakuonekana tena. Fundi Saa akaenda duka la pembejeo, akarudi na chupa ya dawa ya magugu maji.

Mkewe alisoma karatasi ya chupa. "Imeandikwa utibu robo ya bwawa kwanza, halafu usubiri."

"Hongera kwa macho mazuri," mumewe alijibu, akamimina chupa nzima.

Siku ya pili vijani viligeuka njano vikazama, naye Fundi Saa akatembea uani kifua mbele. Siku ya tatu, mkunga akianika nguo, aliona midomo midogo imejipanga juu ya maji, inafunguka na kujifunga. Aliijua midomo ya namna ile. Aliwahi kuipokea mikononi mwake mara nyingi, ya vichanga vinavyotafuta pumzi.

"Mzee, njoo! Hawa hawapati pumzi!"

"Dawa imewalevya tu."

"Ulevi gani? Majani yamekufa yote kwa mpigo, yanaoza huko chini, yanamaliza hewa. Lete beseni!"

Walichota maji ya mvua kutoka kwenye tangi, wakajaza beseni. Fundi Saa alivua samaki kwa chujio la jikoni. Mkewe akawa anachota kwa jagi na kuyaachia maji kutoka usawa wa bega, yaanguke kwa kishindo na kubeba hewa. Hawakupumzika mpaka jua lilipofika utosini. Saba walipona.

Wale wawili Fundi Saa aliwafukia kando ya ua. Alirudi amejiinamia. "Nimewaua kwa ubishi wangu."

"Nilikuambia" ilimfika mkunga kwenye ncha ya ulimi, akaimeza. "Kesho tunatoa uozo," alisema.

Kazi ilichukua wiki nzima. Walivuta tope jeusi kwa reki, ndoo kwa ndoo, wakalimwaga kwenye mashina ya maua. Siku ya nne mkunga aliona mstari wa udongo mbichi, akaufuata akiwa ameinama. Ulianzia kwenye sakafu yake ya kufulia, ukaishia bwawani. Akasimama, mkono kiunoni.

"Mzee, mchawi wetu nimempata. Ni mimi. Miaka miwili nayanywesha magugu haya maji ya sabuni, ndiyo maana yamenona!"

Fundi Saa alimtazama, kisha akacheka mpaka akakalia ndoo. "Na mimi nikawa nawashindilia samaki chakula. Kinachobaki kinaoza, nacho ni mbolea. Tulilima wote wawili, mama."

Alichimba mfereji, maji ya kufulia yakaelekea upande mwingine. Chakula cha samaki akakipunguza nusu. Waliwarudisha wale saba bwawani, wakapanda mayungiyungi mawili, majani yake yazuie jua, na kila Jumamosi wakazungusha nyuzi za kijani kwenye kijiti cha panda, kama mtu anayekula tambi, huku wakibishana nani ametoa fundo kubwa zaidi.

Maji hayakuwa kioo. Yalibaki na ukijani kidogo, lakini mawe ya chini yakaonekana.

Mvua zilipofika, chura alihamia bwawani. Fundi Saa alitaka kumtimua kwa sababu ya kelele zake.

"Mwache," mkewe alisema. "Anakula mbu."

"Basi na aimbe kwa zamu, usiku atuachie tulale."

Walimwacha. Hakuimba kwa zamu.