Niliandika kwamba shosho hajielewi, na Jumanne korti itanisoma

Admin, ficha jina langu na la ofisi, maana wakubwa wangu husoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tano, naishi Waithaka, na ni karani wa mawakili hapa mjini. Bado niko kwenye majaribio, barua ya kuajiriwa rasmi naitarajia mwezi huu.

Mteja mzee akija kutia sahihi, karani huongea naye kwanza na kuandika kama anajielewa. Namuuliza majina, anakoishi, kilichomleta. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi hufuata nilivyofundishwa.

Wiki tatu zilizopita mwanamume anayeishi mtaa wa Karen alimleta mamake, mjane anayeishi Kitisuru aliyepata kiharusi, atie sahihi ili yeye asimamie mali yake. Nilimpa chai bibi huyo, shosho tunavyowaita, akasema wazi kabisa, "Asante mwanangu." Nikamuuliza jina lake. Mdomo ukahangaika, kikatoka kitu. Akarudia, kikatoka kingine. Mara ya tatu macho yakajaa machozi. Mwanawe akacheka kidogo. "Si umesikia ameshukuru vizuri? Mdomo hauna shida. Ni kichwa kimeenda."

Nikaona ana hoja. Nikaandika: hajielewi, hajui hata jina lake. Nikatia sahihi. Kwa karatasi hiyo mwanawe hahitaji tena sahihi ya mama. Ameenda kortini akabidhiwe kila kitu, na nyumba anayoishi mama ameshaipatia mnunuzi.

Ijumaa nilitumwa Kitisuru kupeleka nakala za kesi. Nilimkuta shosho na mtaalamu wa matamshi, dada mpole, wakifanya mazoezi. Nikauliza kama mtu asiyehusika: mbona maneno mengine yanatoka na mengine hayatoki? Akanieleza kwamba ubongo ndio unaopanga ulimi uende wapi, midomo ifunge lini, pumzi itoke lini, na kwa shosho ni mpango huo ulioharibika. Misuli haina shida. Akili haina shida. Neno kama asante, alilolisema maisha yake yote bila kufikiri, huteleza lenyewe. Akilitafuta neno makusudi, tena mbele ya mtu anayemsubiri, linavurugika. "Anajua anachotaka kusema," akasema. "Anakusikia hata sasa."

Shosho akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Akaandika majina yake yote matatu, polepole. Chini yake akaandika: "Nyumba yangu haiuzwi. Ni wewe uliniandika?"

Nikamwambia ni mtu mwingine.

Jumatatu nilimweleza wakili ninayemfanyia kazi. Hakupandisha sauti. "Wewe si daktari, mimi si daktari. Sahihi ni yako. Ukigeuka, utamwambia hakimu ulidanganya lini, wakati ule au sasa?" Kisha akaniuliza kama ile barua yangu bado naitaka.

Tangu hapo sikai, sili. Nimeandika kiapo cha kusahihisha maneno yangu mara tatu, mara tatu nimekichana.

Kesi ni Jumanne ijayo. Nikisema, kazi imeenda, na mawakili mjini hapa wanaambiana. Nikinyamaza, mtu mwenye akili timamu atatolewa nyumbani kwake kwa maneno yangu, na mdomo wa kuyajibu hana. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanya nini? Na msiniambie niombe tu. Mungu nimeshamwambia. Ni shosho ambaye bado sijamwambia.