Nilimchagulia ringi nyepesi, nikaisahau ndoo ya migebuka

Wakuu, kwema humu?

Jambo hili nimekaa nalo tangu masika yaishe. Nalisimulia lilivyotokea, na pale nilipokosea nitasema ni mimi.

Niko Kigoma. Kwenye kikundi chetu cha baiskeli za mbio mimi ndiye wa kuulizwa mambo ya vifaa. Napenda kuelekeza. Ukiniuliza swali moja nakujibu matatu.

Kuna dada mmoja, nimwite Zuhura. Kwao Ilagala, anashona nguo Ujiji. Mlimani hakuna mwanaume kati yetu aliyekuwa anamwacha. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake kugombea timu ya vijana ya mkoa, mwakani umri unamkataa.

Akaniuliza, "Kaka, nibadilishe ringi?"

Nikamwambia abadilishe. Zake zilikuwa nzito, spoku thelathini na mbili. Nikamtafutia seti iliyotumika kidogo, ya nyuma ina spoku ishirini tu, zile bapa.

Nikamweleza taratibu: ringi ikiwa nyepesi, mlimani utaisikia tofauti. Ina kikomo cha uzito, na wewe una kilo hamsini na nne, uko mbali nacho.

Yote hayo ni kweli. Ndiyo maana yananiuma.

Fundi wetu pale Ujiji aliizungusha ile ya nyuma mkononi. "Hii ringi au hereni? Spoku yake ikikatika utaipata wapi, mtaalamu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamjibu kwa mtu mwepesi hivi haikatiki.

Sasa nilichosahau ni hiki. Zuhura hana baiskeli mbili. Hiyo hiyo ya mbio ndiyo anayoendea Ilagala kila Jumamosi, kwenye mashimo na makorongo. Jumapili anarudi na ndoo ya migebuka, samaki wa ziwani, kutoka kwa mama yake, ameifunga kwenye keria ndogo inayobana bomba la siti.

Wengi ni wa kuuza. Wachache anatugawia.

Mimi nimekula wale samaki, mke wangu kawakaanga. Nilijua vizuri wamekuja na baiskeli gani.

Niwaeleweshe kidogo. Kikomo cha uzito ni mpandaji pamoja na mzigo, na mzigo wa keria karibu wote unalalia gurudumu la nyuma. Kila shimo, spoku zinalegea na kukaza. Zikiwa nyingi zinasaidiana. Zikiwa ishirini, kila moja inabeba zaidi na inachoka bila wewe kuona.

Siku ya mchujo njia ilikuwa ya Kasulu, kwenda na kurudi. Wasichana nafasi mbili. Zuhura aligeuza akiwa wa pili, na wa tatu haonekani. Mimi nilifuata kwa bodaboda, nina pampu na tyubu tatu.

Tukirudi, karibu na Mwandiga, nikasikia mlio kama waya umekatika. Ringi ikapinda, ikabana kwenye breki. Zile zake za zamani ungelegeza breki ukamaliza mbio. Hii hata nilipoilegezea haikuzunguka.

Spoku ya namna ile sikuwa nayo, wala fundi yeyote Kigoma.

Alikaa pembeni ya lami, wenzake wakapita. Mimi nikaanza kumweleza kilichosababisha. Akaniacha nimalize.

"Umeeleza vizuri, kaka. Hata siku ile ulieleza vizuri."



Kwa hiyo wewe unayetafuta ringi nyepesi na imara, usianze na gramu. Anza na swali hili: baiskeli hiyo inafanya kazi gani siku zisizo za mbio? Halafu nenda kwa fundi wako ukaulize ana spoku gani. Kwa njia zetu ningesema alumini, nyuma spoku ishirini na nane za mviringo. Utaongeza uzito kidogo, lakini utafika. Na usiogope kuuliza hata mara kumi, hakuna swali la kijinga hapa.

Juzi spoku nilizoagiza zilifika. Nikamwandikia Zuhura. Akajibu, "Asante kaka. Nimerudisha zile za zamani. Hizo mpe anayeshindana."

Ziko nne, mwenye ringi ya aina hiyo aseme nimtumie.

Na wewe uliyewahi kumponza mtu kwa ushauri ambao kila neno lake lilikuwa sahihi, ulimwambia nini baadaye?