Jina Kwenye Lebo

Clifford Hebden, niliyefanya naye kazi miaka ishirini hapa Halifax, alikuwa fundi wa redieta za kupasha nyumba joto, mwenye mdomo mchafu. Kila nyumba alianza kwa kumtukana fundi aliyemtangulia.

Jumanne moja mjane mmoja, Bi Maureen, alituita. Redieta zake zilikuwa moto juu, baridi chini. Clifford akakinga maji ya redieta kwenye chupa ya jemu, yakatoka meusi tii.

"Bi Maureen, maji haya yanaishinda chai yako kwa weusi!"

"Chai yangu ina maziwa, mwanangu. Iache."

Akachovya karatasi ya kupimia dawa ya kuzuia kutu. Haikubadilika rangi.

"Dawa ya kutu hamna hata tone! Mpuuzi gani huyu aliyelipua kazi hapa? Anyang'anywe spana!"

Nilimwacha abwate. Katika kazi yetu, ukishatia dawa unafunga lebo kwenye boila, mtambo unaochemsha maji ya redieta, yenye tarehe, jina na namba ya simu. Niliifuta vumbi ile ya pale. Ilisema dawa ilitiwa miaka sita iliyopita. Mwandiko niliujua. Nikaifungua, nikampa.

Clifford akasoma jina lake mwenyewe. Nyumba za mtaa ule zinafanana kama mapacha, hii alikuwa ameisahau. Lakini mimi nilikumbuka mazoea yake: kufunga lebo kwanza, kabla ya kufungua chupa ya dawa, hasa siku za mpira alipokuwa na haraka, na mara nyingine chupa isifunguliwe kabisa.

Bi Maureen akamsogezea biskuti.

"Namba yako niliitoa kwenye hiyo lebo," alisema. "Nikasema nimwite yuleyule, maana alifanya kazi ya uaminifu."