Fumua, Uanze Tena

Wiki iliyopita Bwana Elimu alinipa lifti ya Land Rover kutoka Kilindoni hadi Kirongwe, alikokwenda kukagua shule ya vidudu. Njia nzima alinung'unika: shule isiyo na ubao ni ya kufungwa tu.

Tulikuta watoto wamekaa wawili wawili mchangani, kila wawili wameshika kamba yao. Mwenzao anaruka ya kwanza, anatambaa chini ya ya pili, mpaka mwisho. Mwalimu wao, mama msuka mikeka, anaimba: "Juu, chini!"

"Huu ni mchezo," Bwana Elimu akasema. "Hesabu watajifunza lini?"

"Karibu ujaribu, bwana."

Akavua viatu, uso kaukunja. Akaruka, akatambaa, akaruka. Ghafla binti wa miaka kama mitano akainua mkono.

"Babu, umekosea. Fumua, uanze tena."

"Nimekosea wapi?"

"Kamba ya sita. Ulitakiwa upite chini."

Nilihesabu. Kweli, ya sita. Bwana Elimu akarudi kinyumenyume, kamba kwa kamba, kama mkeka unavyofumuliwa, kisha akaanza upya.

Ripoti yake sijaisoma. Ninachojua, tulikuwa tumeshafika Kilindoni alipogundua kwamba viatu amevisahau kule, na hakunung'unika.